Kisafishahewa na Chujio Lake: Jina na Uteuzi wa Kifaa cha Injini ya Kabureta

Miongoni mwa vifaa vya gari ambavyo majina yake huwatatiza wafasiri ni kile chombo cha bati, cha mviringo au mfano wa kopo, kinachokaa juu ya kabureta au kando yake na kuunganishwa nayo kwa mpira mnene. Katika gereji zetu chaitwa eakilina, au filta ya hewa, au chujio la hewa, au kisafisha hewa. Na mara nyingine fundi hukionyesha kwa kidole tu akasema "hicho kikopo". Vitabu vya maelezo vinapofasiriwa, majina haya hutumiwa kwa kubadilishana kana kwamba ni visawe. Si visawe, na kuyachanganya kwaweza kuigharimu injini maisha yake. Makala haya yana nia ya kueleza jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, namna ya kukichagua kwa ajili ya gari kongwe, na kwa nini mtu hawezi kukichagua sawasawa iwapo hana jina la kila sehemu yake.

Tuchukue mfano. Shule ya ufundi ina Land Rover ya mwaka 1974 ya kufundishia. Karani wa stoo anaandika hati ya kuagiza vifaa: "Chujio la hewa, moja." Muuza spea akiisoma hati hiyo aweza kuleta duara la karatasi iliyokunjwakunjwa, aweza kuleta kipande cha sponji, na akiwa mkarimu aweza kuleta kopo zima pamoja na mfuniko wake. Lakini Land Rover nyingi za namna hiyo zilitoka kiwandani na chombo kisicho na karatasi wala sponji ndani yake, bali oili na nyuzi za chuma. Duara la karatasi litakapofika halitakuwa na mahali pa kukaa. Dereva, kwa kuwa safari haingoji, atafunga kitambaa mdomoni mwa kabureta, au atakwenda hivyo hivyo wazi. Kosa halikufanywa na dereva, wala na muuza duka. Lilifanywa katika neno moja la hati.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuseme machache juu ya gari lenyewe. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutaja gari la zamani, ila mengi yake ni ya dharau. Mkweche ni gari bovu linalotembea kwa kudra. Gari kuukuu ni lile lililochakaa. Hapa twalizungumzia gari la miaka mingi ambalo mwenyewe ameamua kulitunza katika hali yake ya asili, awe analitumia kila siku au Jumapili tu. Tutaliita gari kongwe, madhali ukongwe katika lugha yetu una heshima ndani yake. Magari makongwe ya kabureta yaliyozoeleka Afrika Mashariki ni kama Land Rover za kabla ya mwaka 1985, Volkswagen ya mgongo wa kobe, Morris Minor na Peugeot 404.

Kazi ya kifaa

Injini ya petroli haili petroli pekee. Chakula chake kikubwa ni hewa. Ili petroli iungue kikamilifu, kila kilo moja ya petroli yahitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Uzito huo ukigeuzwa kuwa ujazo, lita moja ya petroli humeza hewa lita 9,000 na zaidi. Land Rover yenye injini ya sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza kutolewa mwaka 1958, hutumia kiasi cha lita 16 za petroli kwa kilomita 100. Basi safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, ambayo ni kilomita 190 hivi, yahitaji petroli lita 30 na hewa lita 270,000. Darasa lenye urefu wa mita 9, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina hewa lita 162,000. Kwa hiyo injini hiyo moja huvuta hewa yote ya darasa moja, na zaidi ya nusu ya hewa ya darasa la pili, kabla dereva hajaiona milima ya Uluguru kwa karibu. Mwalimu wa sayansi aweza kuwapa wanafunzi hesabu hiyo. Watoto huikumbuka kuliko tarakimu kavu.

Hewa hiyo si tupu. Katika barabara ya changarawe imejaa vumbi, na vumbi la barabara lina chembe za silika, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe kubwa zaonekana kwa macho, lakini zenye madhara zaidi ni zile ndogo, za kati ya mikromita 5 na 20, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Sababu ya madhara yake ni kwamba ukubwa wake walingana na utando mwembamba wa oili uliopo baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Huingia hapo zikafanya kazi ya msasa. Injini huanza kula oili, moshi wa buluu hutoka nyuma, nguvu hupungua mlimani, na mwenye gari huambiwa kwamba "injini imekufa", ilhali iliuawa polepole na vumbi.

Kuzuia vumbi, basi, ndiyo kazi ya kwanza. Lakini chombo hiki kina kazi nyingine ambazo jina lake la mitaani halizitaji. Hupunguza mvumo wa hewa inayoingia kabureta. Mtu akikiondoa, injini hunguruma puani kama ng'ombe dume, na wako wanaodhani kwamba mngurumo huo ni nguvu iliyoongezeka. Huzuia moto pia, kwa maana injini iliyovurugika wakati wake wa kuwasha plagi hupiga mlipuko kurudi nyuma kupitia kabureta, na miali hiyo ikikuta mdomo ulio wazi chini ya boneti penye mvuke wa petroli, gari laweza kuungua. Aidha, katika magari mengi, mpira mwembamba hutoka kwenye kifuniko cha vali na kuishia ndani ya chombo hiki, ili mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini uvutwe ukaunguzwe badala ya kumwagika nje.

Kazi iliyobaki ndiyo ngumu kueleza, nayo yahusu kabureta yenyewe. Kabureta hufanya kazi kwa tofauti ya kanieneo. Pistoni inaposhuka, hewa hupita kwa kasi katika sehemu iliyofinywa, ambayo hapa tutaiita koo. Kasi ikiongezeka kooni, kanieneo hupungua hapo. Petroli iliyomo katika bakuli la boya ina hewa ya kanieneo kubwa zaidi juu yake, na hewa hiyo huisukuma kupitia tundu la jeti hadi kooni, ikapulizika kama marashi ya mrashi. Sasa, ikiwa bakuli hupumua nje moja kwa moja, na chujio la hewa limeziba, kanieneo ya kooni itapungua zaidi bila ile ya bakulini kubadilika. Petroli itasukumwa kupita kiasi. Gari litanuka petroli, plagi zitakuwa na masizi meusi, na fundi asiyejua atafungua kabureta na kuichokonoa jeti isiyo na kosa lolote. Watengenezaji wengi waliliona jambo hili, wakalielekeza tundu la kupumulia la bakuli ndani ya kisafishahewa, ili pande zote mbili za jeti zipungukiwe pamoja. Kwa hiyo chombo hiki hakikuwekwa juu ya kabureta kama kofia juu ya kichwa. Kimo katika hesabu ya kabureta, na anayekibadilisha apaswa kujua kwamba huenda akalazimika kubadili jeti pia.

Jina la jumla na jina la sehemu

Tukisha kuyajua hayo, swali la istilahi huwa jepesi kidogo. Kuchuja, katika Kiswahili, ni kupitisha kitu katika matundu madogo ili kinachotakiwa kipite na kisichotakiwa kibaki. Chujio la chai hufanya hivyo. Kifumbu cha tui hufanya hivyo. Chekeche ya unga ni jamaa yao. Duara la karatasi nalo hufanya hivyo: hewa hupita, vumbi hubaki juu ya karatasi. Chujio ni jina lake la haki.

Lakini chombo cha oili hakichuji kwa maana hiyo. Hewa huingia kwa juu au ubavuni, ikashuka hadi karibu na uso wa oili iliyo chini, kisha hulazimika kugeuka ghafla kwenda juu. Chembe nzito haziwezi kugeuka upesi kama hewa. Hutumbukia katika oili zikazama. Zile nyepesi zilizobaki hukutana na nyuzi za chuma zilizolowa oili, zikanata. Hapana matundu yanayozuia kitu. Kuna kunasa na kunatisha. Kukiita chombo hicho "chujio" ni kukipa jina la kazi ambayo hakiifanyi, na ndiyo maana mwenye kuagiza chujio hupelekewa karatasi.

Hivyo jina la jumla halina budi kufuata lengo ambalo aina zote hushiriki, yaani kusafisha. Mwandishi apendekeza kisafishahewa liwe jina la chombo kizima, na chujio libaki jina la ile sehemu ya ndani inayochuja, pale inapokuwapo. Kasha litaje gamba la bati au la plastiki, na mdomo utaje bomba la kuingizia hewa. Hati ya karani wa mfano wetu ingesema "kisafishahewa kizima" au "chujio la karatasi la kisafishahewa", na muuza duka asingebaki akikisia.

Kuliandika neno hili kama neno moja kuna faida. Twaandika kipimajoto bila kuachanisha, na hakuna anayelalamika. Tukiandika "kisafisha hewa" kwa maneno mawili, msomaji aweza kuyachukua kama maneno mawili ya kawaida, badala ya jina la kifaa kimoja. Katika mwongozo wa matengenezo hiyo si tofauti ndogo. Kweli, siku hizi neno hili hutumika pia kwa mashine za kusafisha hewa ya chumbani. Penye shaka, yatosha kuongeza "cha injini".

Aina hii ya oili yahitaji uangalifu wa pekee kwa mfasiri. Kiingereza huifananisha na bafu, na katika tafsiri za haraka mtu aweza kukuta "bafu la mafuta", jambo linalomfanya msomaji afikiri habari za urembo. Tena neno mafuta lenyewe ni pana mno kwetu: petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, ya kupikia ni mafuta, na ya kujipaka ni mafuta. "Kisafishahewa cha mafuta" chaweza kueleweka kuwa ni cha kusafishia petroli. Mafundi wamekwisha kulitatua tatizo hili zamani kwa kusema oili, wakimaanisha ile ya kulainishia injini tu. Tuwafuate: kisafishahewa cha oili.

Jinsi ya kuchagua

Mwenye gari kongwe huwa na njia kuu mbili: kubaki na kisafishahewa cha asili, au kutafuta kingine. Maoni ya mwandishi ni kwamba kubaki na cha asili kuwe ndiyo kanuni, na kubadilisha kuhitaji sababu. Waliokibuni walikipima pamoja na kabureta, boneti na mngurumo. Hata hivyo sababu nzuri zipo, na aina zilizopo hazilingani.

Kisafishahewa cha oili kina sifa kubwa moja: hakiishi. Hakihitaji spea kutoka ng'ambo. Mtu humwaga oili chafu, huondoa tope lililotuama chini, huosha nyuzi za chuma, hujaza oili mpya ya injini hadi kwenye alama, basi. Vumbi likiwa jingi hakizibi upesi kama karatasi. Kasoro yake ni kwamba hutegemea kasi ya hewa. Injini ikienda taratibu, kama gari linapotambaa nyuma ya lori katika wingu la vumbi, hewa hugeuka polepole juu ya oili na chembe ndogo hupata nafasi ya kupita. Oili ikizidi alama, hunyonywa hadi kwenye kabureta. Ikipungua, hainasi kitu. Tena chombo hiki lazima kikae wima. Anayekitoa apaswa kukibeba kama abebavyo bakuli la mchuzi.

Chujio la karatasi hunasa chembe ndogo vizuri zaidi, katika kasi zote, na ndiyo maana lilichukua nafasi ya oili katika magari mengi ya abiria. Halifanyi ugomvi na mteremko wala mwinamo. Gharama yake ni kwamba huziba na hutupwa. Kulipiga hewa ya kompresa kwa nguvu hulitoboa matundu yasiyoonekana. Ikibidi kulipuliza, hewa iwe ya nguvu kidogo na itoke ndani kwenda nje. Kuliosha kwa sabuni ni kuliharibu.

Sponji yenye oili na kitambaa cha pamba chenye oili ni aina zilizopendwa na washindani wa mbio za magari, kwa kuwa hupitisha hewa kwa ukinzani mdogo na huweza kuoshwa na kutumiwa tena. Lakini zote mbili zikikauka oili hazina kazi, na pamba, kwa jumla, huachilia vumbi jembamba zaidi kuliko karatasi. Hapa watu hupotoshwa na mifano ya mashindano. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano ya Safari ya magari makongwe. Ni jambo la kupendeza kuyatazama. Ila mshindani hutaka injini impe nguvu kwa siku chache, kisha huifungua na kuifanyia matengenezo. Mwalimu wa Dodoma hutaka injini yake imfikishe kazini kwa miaka 10. Yafaayo kwa mmoja hayamfai mwingine.

Kwa Land Rover inayopita barabara za vumbi, mwandishi huona kwamba yenye kisafishahewa cha asili cha oili, kikiwa kizima na mpira wake haujapasuka, ibaki nacho, mradi oili ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kilichooza kutu au kupotea, badala yake pawekwe kasha lililofungika pande zote lenye chujio la karatasi, na kabla yake kiwekwe kitangulizi: kile kikombe kinachoizungusha hewa kama kimbunga ili vumbi zito litupwe pembeni lisifike kwenye karatasi. Vichujio vidogo vya umbo la pia, vinavyobanwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta na kung'aa kwa nikeli, vinapendeza machoni. Lakini vingi vyake ni vidogo mno, havina mahali pa kuunganisha mpira wa mvuke wa oili, na huvuta hewa ya moto iliyo juu ya injini. Mpira huo wa mvuke ukiachwa ukining'inia, tumbo la injini litapumua vumbi kwa njia ya pili, hata kama njia ya kwanza imezibwa kwa chujio la thamani.

Ukubwa hukadiriwa kwa hesabu. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake mara moja katika mizunguko miwili. Injini ya lita 2.286, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ingevuta lita 4,572 za hewa kwa dakika kama silinda zingejaa kabisa; kwa kuwa hazijai, tuchukue asilimia 80, yaani lita 3,660 hivi. Volkswagen ya lita 1.192 katika mizunguko 3,600, kwa hesabu hiyo hiyo, huvuta lita 1,700 hivi. Basi kisafishahewa kilichotolewa kwenye Volkswagen hakiwezi kuitosheleza Land Rover, hata kama fundi hodari ataweza kukilazimisha kwa bomba la kuunganishia.

Jambo linalofuata ni eneo la chujio. Chujio la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 25 na kimo cha sentimita 5 lina uso wa nje wa sentimita za mraba 393 hivi. Mikunjo ya karatasi huzidisha eneo hilo mara nyingi. Ukiongeza kipenyo hadi sentimita 30, uso huwa 471. Lakini ukiacha kipenyo kilivyo na kuongeza kimo hadi sentimita 7.5, uso huwa 589. Kimo, basi, huleta faida kuliko upana, mradi boneti ifungike. Mwenye gari apime kwa kuweka kinyago cha udongo laini juu ya kabureta na kufunga boneti taratibu. Udongo utamwonyesha nafasi aliyo nayo. Chombo kilicho bapa mno, ambacho mfuniko wake hugusa karibu na mdomo wa kabureta, huifunga pumzi hata kama chujio lake ni kubwa.

Kufungika kwa viungo kwapita yote hayo kwa umuhimu. Chujio bora lililokaa juu ya gasketi iliyopasuka ni sawa na mlango wa chuma katika ukuta wenye ufa. Njia ya kukagua ni rahisi: mtu apitishe kitambaa cheupe ndani ya mpira, upande wa kabureta baada ya chujio. Kikitoka na vumbi, hewa yapita pembeni. Katika kabureta za SU zilizofungwa kwenye Morris na Austin nyingi, kuna tahadhari ya ziada. Uso ambao kisafishahewa hufungwa una matundu mawili madogo ambayo huipa pistoni ya kabureta hewa ya kuinukia. Gasketi ikiwekwa juu chini, huyaziba matundu hayo. Pistoni haiinuki ipasavyo, na gari hukosa nguvu siku ile ile lilipofungwa kifaa kipya. Mwongozo uliofasiriwa ukisema tu "funga gasketi", bila kusema matundu yalingane na matundu, umemnyima fundi neno alilolihitaji.

Maneno mengine ya kuangalia

Choki ni neno lililokwisha kuzoeleka, nalo hutaja kile kilango kinachofungwa asubuhi ili injini baridi ipate petroli zaidi. Tatizo ni kwamba katika vitabu vya Kiingereza neno lililozaa choki hutumika pia kutaja sehemu iliyofinywa ya kabureta, na wakati mwingine hutaja idadi ya njia za hewa. Mfasiri akiandika "choki ya milimita 28", dereva ataitafuta kwenye dashibodi. Ndiyo sababu katika makala haya tumesema koo. Choki ibaki kuwa kilango. Koo liwe mfinyo. Njia za hewa zihesabiwe kwa kusema kabureta ya koo moja au ya makoo mawili.

Kadhalika mchanganyiko wa hewa na petroli. Kiingereza husema kwamba ni tajiri ukiwa na petroli nyingi, na umekonda ukiwa na petroli chache. "Mchanganyiko tajiri" ni maneno ya Kiswahili yasiyo na maana ya Kiswahili. Mwanafunzi hajui utajiri huo ni wa hewa au wa petroli. Mpishi wa uji angesema mzito na mwepesi, akaeleweka na kila mtu. Mchanganyiko mzito na mchanganyiko mwepesi yatosha, na mwalimu aweza kuongeza mara ya kwanza kwamba uzito huo ni wa petroli.

Mwisho ni ule mkono mdogo unaoonekana kwenye mdomo wa visafishahewa vya baadhi ya magari ya Ulaya, wenye alama mbili za majira. Upande mmoja mdomo huvuta hewa ya kawaida. Upande wa pili huvuta hewa iliyopashwa moto kando ya bomba la ekzosi, ili unyevu usigande barafu kooni wakati petroli inapovukiza na kuipoza kabureta. Kufasiri alama hizo kuwa "kiangazi" na "kipupwe" ni kumpeleka msomaji kwenye kalenda, na kalenda ya Ulaya si yetu. Afadhali kuandika "hewa baridi" na "hewa moto". Tanga au Mombasa mkono ukae kwenye hewa baridi mwaka mzima. Njombe au Limuru, alfajiri ya Julai yenye ukungu, injini inayozimika ovyo baada ya dakika chache za mwendo yaweza kuwa inaomba hewa moto tu, na mkono ukigeuzwa itatulia.